Mzee Mbogori Hakusahau Maneno

Siku mliyoniaga, pale ukumbi wa nyuma ya kanisa, yule kijana wenu aliyeshika maikrofoni alisema, "Mama Kathure, huko nyumbani usianze kusahau maneno kama Mzee Mbogori." Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nilitoa meno, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kutoa meno wakati sitaki. Lakini keki yenu haikushuka.

Mliniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki kundini habari za kazi. Basi naandika. Masomo niliachia darasa la sita, kwa hivyo mwalimu atakayesoma aweke kalamu yake nyekundu mfukoni. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hayamo humu, mtayasikia kwa wengine, tena wameyatia chumvi. Nitasema nilivyoanza, nilivyofundishwa, na kilichotokea Siakago. Wenye makosa nitawataja kwa majina. Wao walitutaja sisi bila kuona haya.

Nilianzia soko la Gakoromone, nikiuza nyanya na shangazi yangu. Siku moja, saa za watu wengi, mwanamume mlevi alipita katikati ya vibanda akimburuta binti mdogo, ameshika sare ya shule ya huyo binti juu hewani, anauliza nani anataka kuinunua. Mguu mmoja ulikuwa mbovu, na mate yalikuwa yanamtoka. Watu walimpisha tu. Mimi nilimwambia maneno ambayo shangazi hakujua ninayajua, halafu nikamrushia nyanya. Ikampata shavuni. Yule mlevi akajipangusa, akalamba kidole, akasema, "Hii inataka chumvi." Watu wakaanguka kwa kicheko, na mimi nikachukua nyanya ya pili.

Kumbe ni mchezo. Chifu alikuwa ameleta kundi la kuigiza juu ya ubaya wa pombe ya chang'aa. Ulipokwisha, yule mlevi aliuvua ule mguu mbovu kama mtu anavyovua kiatu, akaja kwenye meza yetu akitembea wima, macho meupe, hana harufu yoyote isipokuwa ya sabuni.

"Wewe msichana," akasema, "nyanya uliyonitupia ilikuwa nzima. Mbona hukuchagua iliyooza?"

"Sikuwa na nafasi ya kuchagua."

"Hapo ndipo uliponishinda. Wengine wangechagua." Akanitazama. "Na sauti yako ilifika mpaka kwa wauza ndizi. Hebu niambie tena yale uliyoniambia."

"Siwezi. Si wewe tena."

Akamgeukia shangazi yangu. "Mama, huyu unampoteza hapa kwenye nyanya."

Shangazi akasema, "Mpeleke, lakini kwanza lipia zile mbili."

Huyo ndiye alikuwa Mzee Mbogori. Mchana wa kawaida alikuwa fundi wa mawe, kule upande wa Nkubu. Masikio makubwa, mikono kama magome. Alikuwa ameigiza tangu uhuru ulipokuwa bado mpya, wakati walimu walitungia watoto michezo ya sikukuu za taifa na kumwita yeye acheze mzungu kwa sababu ndiye aliyekuwa mrefu. Mimi nilimwita Guka. Hakuwa babu yangu kwa damu, lakini babu wa damu hakunifundisha lolote.

Siku yangu ya kwanza kundini nilipewa skripti na kwa woga nikaishika juu chini. Kiongozi wetu, Koome, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, akaona, akacheka. Guka hakucheka. Aliniketisha na sufuria ya maharagwe mabichi akaniambia nimenye. Kila ganda nililopasua alinipa sentensi moja. Ganda, sentensi. Nikirudia vibaya, ananirudishia ganda. Maharagwe yalipoisha nilikuwa na onyesho zima mdomoni, na jioni tulikula masomo yangu. Mpaka leo siwezi kumenya maharagwe bila midomo kucheza. Nyinyi mnasikiliza maneno yenu kwa simu, sawa, lakini vidole vyenu havijui mnachosema.

Alinifundisha vile vile kuogopa. Wengi wenu mkiambiwa muogope mnatetemesha vidole kama mtu aliyetoka kuoga maji baridi. Guka alisema vidole ndivyo hudanganya kwanza. "Woga unaanzia kwenye kiwiko," alikuwa ananiambia, akinishika hapo. "Kiwiko kinajua kabla ya mtu mwenyewe. Kiache kitetemeke, vidole vitafuata, na uso usifanye kitu. Ukifanya kitu na uso umeharibu." Nilifanya zoezi hilo nikibeba kikombe cha chai, na kila chai iliyonimwagikia vizuri alinisifu.

Tulizunguka nchi yote hii, kutoka Maua mpaka Embu, tukicheza vitabu vya mtihani mashuleni na michezo ya chifu sokoni. Mahali pagumu palikuwa Kangeta. Mtu wa miraa hana wakati na wewe, mzigo wake unakauka. Koome alikuwa anasimama kwenye kiti akiita watu, na watu wanampita. Guka akamwambia ashuke. Akaingia sokoni peke yake, amevaa koti lake la kawaida, akachukua furushi kwa mchuuzi mmoja, akalinusa, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kijana, hii ni miraa ama ni kuni?"

"Mzee, rudisha."

"Nauliza tu. Kama ni kuni nitachukua, mama anataka kupika."

Kijana akapandisha hasira. Jirani yake akamtetea. Mwingine akasema mzee ana haki. Guka alizidi kuteremsha sauti, na kadiri alivyoteremsha ndivyo watu walivyosogea wasikie, mpaka soko likawa duara na yeye yuko katikati. Ndipo nikaingia mimi, mke wake, nikalia kwamba ameacha watoto na njaa. Mchezo ulikuwa umeanza na hakuna aliyejua umeanza saa ngapi. Yule kijana mwenyewe aliutazama mpaka mwisho na furushi lake limekauka mkononi. Nilisimama pale nikiwa na machozi ya kazi, na chini yake nikahisi machozi mengine yangu. Nilikuwa nimeona mtu mmoja mwembamba akilisimamisha soko la Kangeta kwa kunong'ona. Kanisani nimewahi kuhisi hivyo, lakini si mara nyingi.

Sasa kuna jambo moja lazima mlielewe ndipo muelewe Siakago. Mchezo wetu uliopendwa sana ulikuwa na kiapo cha thenge. Nyinyi watoto wa mjini, thenge ni beberu. Watu wakigombania shamba na wazee washindwe kuamua, yule anayedai huletewa beberu, anachukua jiwe, anamvunja miguu huku akisema, kama nasema uongo nivunjike hivi, mimi na wangu. Baadaye watu wanangoja misimu ipite waone nyumba ya nani itaangukiwa. Msinicheke. Hakimu mwenyewe akitoka nyumba za huku, ukimwambia alishike hilo jiwe atakumbuka ana mkutano.

Guka aliucheza ule mchezo miaka mingi, lakini hakuwahi kuapa kiapo kizima. Beberu wetu alikuwa gunia lililojazwa majani ya ndizi, na ngozi juu yake. Jiwe letu lilikuwa kiazi kikuu kilichopakwa majivu, na kikichakaa tulikichemsha tukakila na chai. Jina la shamba lilikuwa la kutunga, na jina la mwenye kuapa la kutunga. "Tunawaonyesha watu mlango," alikuwa anasema, "hatuufungui." Na hata hivyo, kiazi kilipopanda juu, nimewaona wanaume wazima wakifunika macho ya watoto wao.

Ndipo wakaja watu wa filamu kutoka Nairobi. Dairekta aliitwa Gitonga, kijana mwenye miwani iliyokaa kichwani kuliko machoni. Alitaka hadithi hiyo hiyo ya shamba na kiapo, akatuchukua mimi na Guka, mke na mume, na Koome akaja kama msimamizi wetu. Tulipelekwa Siakago, kwa sababu dairekta alipenda ukame wa kule, alisema unaonekana vizuri. Watu wanaoishi ndani yake hawajawahi kuniambia hivyo. Tulipewa boma la mtu mmoja anaitwa Nyaga, mwenye duka na kofia ya ngozi ambayo haikutoka kichwani hata akila. Chakula tulipikiwa na shemeji yake, Mama Mbura, mjane wa marehemu kaka yake.

Asubuhi ya siku ya kiapo nilikaa na Mama Mbura tukimenya viazi. Akanionyesha kwa kisu.

"Unaona pale kwenye ile migunga miwili? Hapo ndipo Kaviru inaanzia."

"Kaviru ni nini?"

"Ni shamba. La mzee wangu, Mungu amweke. Shemeji anasema ni lake. Ameliimba tangu tuzike."

"Na ukoo unasemaje?"

"Ukoo ulimwambia, wewe ndiye unadai, kama una hakika piga thenge. Tangu siku hiyo mgongo unamuuma." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Lakini naogopa, mama. Nina hako kashamba tu. Wakichukua hako, mimi na watoto tutalala juu ya nini, kwa hii sufuria?"

Tulipoitwa, nilikuta vitu ambavyo sikuvipenda. Beberu alikuwa wa kweli, mwekundu, amefungwa kwenye kigingi karibu na ile migunga miwili, anatafuna. Jiwe lilikuwa jiwe. Na Nyaga alikuwa ameleta watu wa kutazama, kwa sababu dairekta alitaka umati, lakini hakuleta watu wa sokoni. Alileta wazee wa ukoo wake, akawaketisha mbele kwa viti kama harusini.

Dairekta akamshika Guka bega. "Mzee, mabadiliko kidogo. Shamba usiseme lile jina la skripti. Sema Kaviru. Mwenye boma anasema watu wa hapa watalisikia moyoni. Na jiite mwana wa Nthiga, ni jina la huku. Halafu vaa hii." Ilikuwa kofia ya Nyaga. Nthiga, nilikuja kujua, alikuwa baba yake Nyaga.

Nilimtazama Koome. Koome alikuwa anatazama viatu vyake. Jana yake alikuwa amekula mbuzi kwa Nyaga mpaka jua likazama.

Nilijifanya nafunga leso, nikamnong'oneza Guka kwa Kimeru, "Guka, Kaviru ni shamba la huyo mama anayetupikia. Huyu mtu anaogopa kuapa. Anataka uape wewe."

Mlielewe hilo kama nilivyolielewa pale. Nyaga alitaka kiapo kipigwe mbele ya ukoo, juu ya udongo wenyewe, kwa jina la baba yake na kofia yake, lakini mdomo uwe wa mtu mwingine. Kama kuna kuvunjika, avunjike fundi wa mawe kutoka Nkubu ambaye hakuna anayemjua. Misimu ipite, Nyaga yuko mzima, aseme, si mliona, si kiliapwa, mbona sijafa? Na mjane abebe sufuria zake.

Guka hakunigeukia. "Nimesikia," akasema. "Simama mahali pako."

Nilidhani atakataa. Nilidhani atasema mgonjwa, ama aombe gunia letu. Akavaa ile kofia. Kamera ikaanza.

Akatoka mlangoni mwa Nyaga, na naapa, hapana, sitatumia neno hilo, nasema tu kwamba aliyetoka hakuwa Guka. Alikuwa ni Nyaga. Tumbo lile, mabega yale, ile namna yake ya kukanyaga kama ardhi inamdai. Wazee wakamtazama yule anayetembea, wakamtazama Nyaga aliyesimama kando ya kamera, wakarudisha macho. Kuna mmoja aliacha kutafuna. Guka alifika kwa beberu, akainama, akaokota jiwe. Akaliinua.

Akasema, "Mimi, mwana wa Nthiga." Akasema, "Shamba hili, Kaviru." Na akanyamaza.

Niliona kiwiko. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na nilijua pa kutazama. Kilianza kidogo, kama kitu kinachogonga kutoka ndani. Kikashuka mpaka mkononi, jiwe likaanza kuyumba juu ya beberu, na uso wake haukufanya kitu. Alimtafuta Mama Mbura kwenye watu, akampata na mwiko wake mkononi, akamtazama. Lile tumbo la Nyaga alilojitia likamwisha mwilini. Mabega yakashuka. Alizeeka hapo tulipokuwa tunamtazama, mtu aliyekuwa ameibeba hamu ya shamba miaka yote na leo ameiona ina uso. Hakuna aliyekohoa. Hata wale vijana wa Nairobi wa kubeba nyaya walisimama na nyaya zao. Nimeigiza miaka mingi baada ya hapo na sijawahi kusikia kimya kama kile, kimya ambacho unaweza kukiegemea.

Aliliteremsha jiwe polepole mpaka likakaa chini, mbele ya miguu yake mwenyewe. Akavua ile kofia, akaiweka juu ya jiwe. Kisha akasema, kwa ile sauti ya Kangeta, ya chini, "Siwezi. Shamba hili si langu. Ni la mke wa ndugu yangu." Akainama akamfungua beberu kamba.

Dairekta akapiga kelele kati, kati, yaani kamera isimame. Beberu alikuwa ameshafika kwenye mahindi.

"Mzee, hayo si maneno!" Gitonga anasema, miwani imeanguka. "Umesahau maneno?"

Lakini Nyaga alikuwa ameshaingia katikati, anatetemeka, na kutetemeka kwake hakukuwa mchezo. "Huu ni upuzi wa waigizaji," akawaambia wazee. "Hauhesabiwi."

Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa kiti cha katikati, akamwuliza taratibu, "Nyaga, sisi umetuitia nini hapa?"

"Kutazama mchezo."

"Na huyu angepiga, ungetuambia ni mchezo?"

Yule mzee akasimama kwa fimbo yake. "Kama kupiga kungehesabiwa, na kuacha kumehesabiwa. Tumeona kofia yako imekaa wapi." Wazee wakaondoka mmoja mmoja, na kila aliyepita kwa Mama Mbura alimpa mkono. Yeye alikuwa bado ameshika mwiko. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi na leso yangu ya filamu.

Jioni tukingoja gari, tukila mahindi ya kuchoma, nilimwuliza, "Guka, pale ulikuwa unaigiza ama ulikuwa unakataa?"

"Nilikuwa kazini," akasema. "Kwani wewe ulikuwa wapi?"

Sasa wenye makosa. Nyaga wa Siakago nimeshamtaja, na yeye angalau tulijua anataka nini. Gitonga alikuwa na siku nzima imeharibika na wakubwa wa kuwaeleza, kwa hivyo akawaeleza kwamba mzee amesahau maneno, umri umemshika. Filamu aliimalizia mahali pengine na mzee mwingine, aliyempiga beberu kama mtu anapasua kuni. Sura zetu hazimo hata pembeni. Na Koome, aliyeongozana na Guka miaka yote hiyo, aliyejua, aliyekula ile mbuzi, ndiye aliyekubali kwa kichwa: ndio, siku hizi anasahau. Alilibeba neno hilo kila shule. Walimu wakuu wakawa wanauliza, je, yule wa kusahau anakuja? Guka akarudi kwa mawe yake. Mimi nilisema ukweli kwa yeyote aliyesimama karibu, lakini nani alimsikiliza mwanamke wa darasa la sita mbele ya mtu wa tai? Nikaendelea kufanya kazi chini ya Koome. Hiyo tai nimeitazama miaka mingi kuliko nilivyomtazama mume wangu.

Guka alikufa nyumbani kwake, kitandani, mzee sana, hajavunjika hata ukucha. Mpaka juma la mwisho nilikuwa namtembelea na maharagwe. Alijua kila onyesho tulilowahi kucheza, yangu na yake, na ya Koome pia.

Nilipostaafu, magoti yakiwa yamekataa ngazi za steji, nilikwenda Siakago kumwambia Mama Mbura. Nilimkuta Kaviru, ameinama kwenye ndengu, amekuwa mdogo na mweusi na mwenye kelele. Alinishika mikono yote miwili. Nilimpa habari ya msiba. Akaniachia mikono, akasema, "Njoo uone hawa wapumbavu wangu."

Nyuma ya nyumba wajukuu zake walikuwa wanacheza na wenzao. Mmoja alikuwa beberu, anatafuna majani kwelikweli. Wengine walikaa mstari, wameshika fimbo, wazee. Akatoka msichana mmoja mlangoni amevaa kofia kuukuu, tumbo mbele, anakanyaga kama ardhi inamdai. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa siku ile. Hakuna filamu yenye Guka waliyoiona, kwa sababu haipo.

"Nani aliwafundisha?" nikauliza.

"Hakuna. Waliona wakubwa wao wakicheza, na hao waliona wakubwa wao. Wanaita mchezo wa Mzee Kofia."

Msichana akaokota jiwe, akaliinua juu ya beberu wake. Nilijikuta nimesogea mbele, kama nilivyokuwa nikisogea kwenye mazoezi yenu mkinikasirisha, tayari kusema, si vidole, mama, si vidole.

Mkono ukaanza kutetemeka. Ulianzia kwenye kiwiko. Na uso wake haukufanya kitu.

Sikuwa na la kumrekebisha.